Mlipuko ulipita juu ya Mwanza saa kumi jioni

Tarehe 9 Oktoba 2022, Jumapili, saa kumi na dakika 17 jioni kwa saa zetu, dunia ilipigwa na mlipuko wa miale ya gama mkali kuliko yote iliyowahi kurekodiwa, na muda huohuo ile sehemu ya anga ulikotokea ilikuwa imeshapanda upande wetu wa mashariki, jua linawaka, watu wako ufukweni na familia zao, na hamna aliyejua kitu. Miale yenyewe haifiki chini, angahewa inaimeza yote, ila ilivuruga lile tabaka la juu linalorudisha mawimbi ya redio mpaka vipokezi vya huku chini vikaona tofauti. Alafu jua likazama. Ilipofika saa moja na robo usiku lile eneo lilikuwa karibu utosini, digrii 68 hivi kutoka upeo wa macho ukiangalia kaskazini, kwenye kile kikundi kidogo cha nyota kinachoitwa Mshale (Sagitta, sio ule mkubwa wa Sagittarius), sio mbali na ile nyota kali ya Altair. Kwa mtu wa Mwanza huwezi kuomba nafasi nzuri kuliko hiyo.

Hesabu hii sio ya siri, mtu yeyote mwenye apu ya nyota kwenye simu aweke Mwanza, aweke tarehe ile, aweke saa, ataona. Mimi nimeirudia mara nyingi na bado kila nikiirudia nasimama kidogo, maana ule mlipuko ulitoka umbali wa miaka ya mwanga kama bilioni mbili, GRB 221009A ndo jina lake (GRB ni kifupi cha Kiingereza cha mlipuko wa miale ya gama, namba ni mwaka, mwezi na tarehe tu, alafu herufi), na sisi tulikuwa tumekaa upande sahihi wa dunia, saa sahihi, na sijasikia kama kuna mtu Kanda ya Ziwa alielekeza chochote kule.

Naandika hii sababu kila nikiongelea kutafuta mwanga wa milipuko hii naambiwa mwalimu hizo kazi za NASA, za wenye madarubini ya mabilioni. Hapana. Kwenye kazi hii swali la kwanza ni nani yuko gizani saa ile taarifa inafika. Ukubwa wa darubini unakuja baadae.

Kwa ambao hawajawahi kusikia, kwa kifupi: nyota kubwa sana ikiishiwa mafuta, kiini chake kinaporomoka kinakuwa shimo jeusi, na kwenye ncha zake mbili inachomoka mikondo ya mata inayokimbia karibu na kasi ya mwanga. Mkondo mmoja ukielekea kwetu ndo tunapata gama, sekunde kadhaa mpaka dakika kadhaa basi imeisha. Kuna aina fupi pia, chini ya sekunde mbili, hizo nyingi zinatokana na nyota mbili za nyutroni, yaani masalia mazito sana ya nyota zilizokufa, kugongana. Sasa ule mkondo ukienda kugonga gesi iliyoizunguka nyota unaiwasha, inatoa eksirei, inatoa mwanga wa kawaida, inatoa redio, na huo mng'ao unabaki ukififia kwa saa, kwa siku, mwingine wiki. Sisi tunautafuta ule wa mwanga wa kawaida, ambao darubini ya kioo inaweza kuuona.

Kwa nini tuhangaike wakati setilaiti imeshaona gama? Sababu gama peke yake haikuambii kitu kiko wapi wala kiko mbali kiasi gani. Na hilo liliwatesa watu miaka 30 nzima, sio mchezo. Setilaiti za Vela za Marekani, zilizorushwa kuchunga kama kuna mtu anavunja ule mkataba wa 1963 wa kutojaribu mabomu ya nyuklia angani, ziliona mpigo wa gama tarehe 2 Julai 1967 usiofanana na bomu lolote, na habari yenyewe ilitangazwa 1973. Miaka ya tisini chombo cha BATSE kilihesabu milipuko zaidi ya 2,700, imesambaa sawasawa kila upande wa anga, lakini kila mmoja kilikuwa kinakupa eneo la digrii kadhaa. Mwezi mpevu una upana wa nusu digrii. Kwahiyo uelekeze darubini wapi hapo? Wataalamu wakabishana hadharani kama vitu hivi viko pembezoni mwa galaksi yetu au mwisho wa ulimwengu, na wote walikuwa na hoja.

Jibu lilianza kuja tarehe 28 Februari 1997. Setilaiti ya Waitaliano na Waholanzi, BeppoSAX, iliona mlipuko upande wa Orioni na ikaweza kubana eneo kwa kutumia eksirei mpaka likawa dogo la kuingia kwenye picha moja. Timu ya Jan van Paradijs wa Amsterdam, na wanafunzi wake Paul Groot na Titus Galama, wakapata picha ya darubini ya William Herschel kule La Palma, saa 21 hivi baada ya mlipuko. Picha moja haikuambii kitu, imejaa nukta. Wakasubiri, tarehe 8 Machi ikapigwa nyingine ya eneo lilelile, wakaziweka pamoja, na nukta moja iliyokuwepo mwanzo haikuwepo tena. Basi, ndo ugunduzi wenyewe huo, picha mbili na mtu wa kuzilinganisha. Miezi michache mbele, mlipuko wa tarehe 8 Mei mwaka huohuo mwanga wake ulichambuliwa na darubini ya Keck ikaonekana umetoka mbali mno, mabilioni ya miaka ya mwanga, na ubishi wa kuwa viko pembezoni kwetu ukaishia hapo.

Kuna mzee mmoja Igombe, mvuvi wa dagaa miaka mingi, tulikaa nae kwenye mawe karibu na mwalo jioni moja tunasubiri giza lishike, yeye aende ziwani mimi nifungue darubini. Wavuvi wa dagaa na sisi kalenda yetu ni moja, wao wanataka giza sababu kukiwa na mbalamwezi dagaa hawafuati taa, na sisi tunataka giza kwa sababu zetu. Akaniuliza, "Sasa mwalimu, kwenye nyota zote hizo hiyo yako utaijuaje?" Nikamwambia mzee wangu, wewe ukiwa kule usiku ukiangalia taa za wenzio, ikiongezeka moja ambayo haikuwepo si utajua? "Nitajua, mbona. Kila mtu ana pake pa kutega." Akakaa kimya kidogo. "Kwahiyo nyie mnatafuta taa ya mgeni." Ndiyo mzee, na mgeni mwenyewe taa inaisha chaji. Akauliza swali ambalo wanafunzi wangu wa kidato cha sita hawajawahi kuniuliza: "Na ikiwa inatembea?"

Hilo swali ndo lenyewe aisee. Tukiwa kwenye mazoezi (tunachagua taarifa yoyote ya setilaiti, hata ya zamani, tunapiga picha eneo lile kama vile ni la leo) tulipata nukta kwenye leptopu ambayo kwenye picha ya zamani ya uchunguzi wa anga wa Palomar haimo. Tunabofya ya zamani, tunabofya ya kwetu, ya zamani, ya kwetu, nukta ipo, haipo, ipo, haipo. Jamaa yangu mwenye darubini, fundi simu wa pale Kirumba, akawa hapumui. Tukapiga picha nyingine baada ya nusu saa tukaiweka juu ya ya kwanza, na nukta ilikuwa imesogea kushoto kidogo sana, kama pikseli sita saba, nyota nyingine zote zimetulia pale pale. Asteroidi, jiwe tu linalozunguka jua. Orodha ya Minor Planet Center ikathibitisha ni moja inayojulikana, iko kwenye njia yake kawaida tu. Kwahiyo mgeni wa kweli ana masharti: kwenye picha za zamani asiwepo, asisogee, na afifie. Kukosa hata sharti moja huyo sio, anaweza akawa asteroidi, anaweza akawa nyota inayobadilikabadilika mwanga iliyoamua kuwaka leo, anaweza akawa mwale wa kosmiki uliopiga kamera (huyo anaonekana kwenye picha moja tu, ndo maana hatupigi picha moja).

Ila hayo masharti yana saa inayokimbia nyuma yake. Mng'ao kwa wastani unafifia kiasi kwamba muda ukizidi mara kumi, mwanga unapungua kama mara kumi, ambayo ni magnitudo 2.5 (magnitudo ni kipimo cha mng'ao wa nyota, namba ikiwa kubwa ndo mwanga hafifu). Chukua mfano mlipuko ambao dakika ya kwanza una magnitudo 12. Dakika ya kumi ni 14.5. Dakika ya 100 ni 17. Dakika ya 1000, yaani kesho yake, ni 19.5. Darubini yetu ni ya kioo cha sentimita 20 na kamera ya mitumba, tukipiga picha nyingi fupi tukazijumlisha kwenye programu tunafika 17 na kitu usiku mzuri. Kwahiyo sisi tuna kama saa moja na nusu. Mwenye darubini ya mita nne anakuwa na siku, sisi tuna saa moja na nusu, lakini ile saa ya kwanza ndo ina habari tamu kuliko zote na ndo wakati ambao madarubini makubwa mengi yako upande wa dunia wenye jua au yana ratiba ya kazi nyingine.

Na mingine inang'aa vibaya mno. Tarehe 23 Januari 1999, mtambo wa ROTSE kule Los Alamos, ambao ulikuwa ni lenzi nne za kamera za kawaida zimefungwa pamoja kwenye mashine inayojigeuza yenyewe, ulikamata mwanga wakati gama bado inamwagika, magnitudo karibu 9, yaani kitu cha kuonekana kwa darubini ya mkononi, na kimetoka umbali wa zaidi ya miaka ya mwanga bilioni tisa. Lenzi za kamera! Alafu tarehe 19 Machi 2008 ukaja GRB 080319B uliofika magnitudo 5.3 hivi. Mtu aliyekaa gizani akiangalia pale pale angeuona kwa macho yake matupu kwa nusu dakika, mwanga uliosafiri miaka bilioni 7.5, zaidi ya umri wa dunia yenyewe. Kamera za kule Chile ziliukamata tangu mwanzo kwa sababu nusu saa kabla kulikuwa na mlipuko mwingine jirani na pale zikawa tayari zinaangalia upande ule. Huku kwetu ilikuwa saa tatu na dakika 12 asubuhi, hapo hatuna cha kufanya.

Lakini wa 2017 tulikuwa nacho. Alhamisi tarehe 17 Agosti 2017, saa tisa na dakika 41 alasiri kwa saa zetu, vigunduzi vya LIGO na Virgo vilipata wimbi la mvutano la nyota mbili za nyutroni zinagongana, na sekunde 1.7 baadae setilaiti ya Fermi ikaona gama. Ramani nzuri ya kwanza ya wapi pa kutafuta, eneo la digrii za mraba 31, ilitumwa saa tatu kasoro dakika tano usiku wetu. Sasa sikilizeni. Saa hiyo galaksi ulikotokea mgongano, NGC 4993, ilikuwa bado iko juu upande wa magharibi-kusini ukiwa Mwanza, digrii kama 19 kutoka upeo, na haikuzama mpaka saa nne na robo na kidogo. Agosti ni kiangazi, mvua hamna. Darubini ya Swope kule Chile, ya mita moja tu, sio kubwa kihivyo kwa viwango vyao, ndo iliyotangulia kuupata mwanga, saa nane na nusu usiku kwa saa zetu, saa 11 karibu baada ya mgongano, usiku ulipoingia kwao. Wale hawakutafuta kila kona ya digrii 31, walichukua orodha ya galaksi zilizoko umbali unaofaa wakawa wanapiga moja moja kama mtu anayegonga hodi mtaani. Mbinu hiyo mtu mwenye darubini ndogo anaweza kuifanya kwa galaksi zake tano. Simaanishi tungewahi sisi, digrii 19 ni chini na hewa pale ni nzito, nasema tu kwamba saa nzima na robo anga ile ilikuwa ya kwetu.

Hili la longitudo wenzetu wanalijua. Waafrika Kusini wana kituo chao cha darubini cha Sutherland. Wafaransa wameweka darubini ya TAROT kisiwani Réunion, ndogo tu, inajiendesha yenyewe. Na Pretoria mwaka 2003 kulikuwa na Berto Monard, mtu wa darubini ya nyumbani, ya sentimita 30, mtu binafsi wa kwanza duniani kugundua mng'ao wa mlipuko wa gama, GRB 030725. Wa kwanza duniani, na ni Afrika, na ni darubini ambayo kioo chake unaweza kukibeba kwapani. Huwa nawaambia wanafunzi jina hilo walishike.

Sisi tuna kitu ambacho hata Pretoria hawana: tuko digrii 2.5 kusini mwa ikweta, tunaona anga ya kaskazini na ya kusini karibu yote. Ile ya Mshale ya 2022 ilikuwa juu kabisa kwetu, ile ya 2017 ya upande wa kusini nayo tulikuwa nayo.

Shida za ziwa zipo na ni lazima niziseme. Usiku ndo ziwa linapika radi zake, upepo wa nchi kavu unakutana katikati ya maji, mawingu yanaota saa sita usiku yanakuja mpaka asubuhi, na kuanzia Oktoba ukiona nyota saa moja jioni usidhani utaziona saa saba. Wale wadudu wadogo wa ziwani wakija wimbi lao wanajaa kwenye kioo cha mbele mpaka unafunga. Unyevu unalowesha lenzi. Capri Point na katikati ya mji taa zimezidi, inabidi kutoka, Igombe au ng'ambo. Na taa za dagaa zenyewe siku hizi ni za sola, nyeupe kali, upande wa ziwani zinakula anga ya chini yote, ila kupanda juu digrii 30 zinakuwa hazina neno. Umeme unakatika, kwahiyo tunatumia betri ya gari.

Tarehe 9 Oktoba 2022 kulikuwa na mwezi mpevu, nao lazima niutaje. Lakini mwezi ulikuwa unachomoza mashariki, mbali na Mshale, na kwa kamera magnitudo 16 na 17 chini ya mwezi inawezekana. Kilichochanganya watu zaidi ni kingine. Setilaiti ya Swift iliuona saa kumi na moja na dakika 10 jioni yetu, karibu saa nzima baada ya mlipuko, na kwa kuwa eneo liko karibu na mkanda wa Njia ya Maziwa ulipewa jina kama kitu cha galaksi yetu, Swift J1913.1+1946, baadae ndo ile gama ambayo Fermi iliiona saa kumi na dakika 17 ikaunganishwa na pointi ya Swift watu wakashtuka. Vumbi la galaksi yetu pale katikati lilikuwa linaufanya mwekundu na hafifu, kwahiyo ukitumia chujio jekundu unafaidi. Waangaliaji wa kawaida wa kundi la Kilonova-Catcher, la chini ya mradi wa GRANDMA, waliupiga na data zao zikaingia kwenye utafiti uliochapishwa. Kundi hilo linapokea watu, darubini zao ni za saizi ya kwetu.

Kwahiyo tunafanyaje. Taarifa zote zinatoka bure kwenye mtandao wa GCN wa NASA, unajiandikisha, notifikesheni inaingia kwenye simu, kinachokula ni bando tu na sio kubwa. Usipokee zote maana Fermi peke yake atakulaza macho na maeneo yake ya digrii kadhaa, chukua za Swift, ambayo iliundwa ijigeuze yenyewe ndani ya dakika moja hivi na eksirei yake inakupa kieneo ambacho upana wake haufiki sehemu ya mia ya upana wa mwezi. Na sasa kuna SVOM ya Wachina na Wafaransa, imerushwa Juni 2024, hii ndo imenipa moyo kuliko zote kwa sababu imepangwa kwa makusudi iangalie upande wa usiku, ili mlipuko ikiuona kuwe na mtu chini yake aliye gizani wa kuufuata hapohapo, na taarifa zake inazitupa kwa antena ndogo za redio zilizosambazwa kuzunguka ukanda wa tropiki. Ukanda wetu huu.

Nusu ya milipuko au pungufu kidogo mwanga wake hauonekani kabisa, vumbi limeufunika au uko mbali mno, kwahiyo ukipiga ukakosa, andika ulifika magnitudo ngapi na saa ngapi, nayo ni data, watu wanaitumia.

Tunachohitaji ni darubini ya pili upande mwingine wa ziwa, Bukoba au Musoma, au Ukerewe kule ambako giza ni giza, ili wingu likitufunika Mwanza mwingine awe wazi. Kama unayo hata ya sentimita 15 imekaa stoo, na mguu wake wa kufuata nyota unafanya kazi, andika kwenye maoni uko wapi. Fundi wetu anasema kamera atatafuta yeye. Giza la mwezi huu linaanza wiki ijayo, wavuvi wa Igombe wameshaanza kutengeneza nyavu na sisi tutakuwa pale pale kwenye mawe.